Dawa Walizokuandikia, Mama

Mama yangu mpendwa,

Siku ya mazishi yako mtu mmoja wa kanisani alisimama akasema asima, yaani pumu, ndiyo iliyokuchukua, na watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Binti habishani na waombolezaji mbele ya jeneza la mama yake. Sasa jeneza liko chini ya udongo wa Butembo, wageni wamerudi kwao, viti tulivyoazima parokiani vimerudishwa, na mimi nimebaki na ubishi wangu wote kifuani. Ndiyo maana nakuandikia. Na barua hii siifungi. Nataka waisome pia wenzangu wa koti jeupe, wa Butembo na wa Beni, na wakikasirika, basi tutakuwa tumekasirika pamoja.

Hukuwa na asima, Mama. Ulikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, ule unaoziba njia za hewa polepole mwaka hata mwaka, ambao sisi madaktari wa huku Kongo tunauita kwa Kifaransa BPCO. Ugonjwa huo una mwongozo wake wa matibabu: dawa gani ianze, ipi ifuate, ipi isitolewe kabisa. Si siri. Kila daktari niliyesoma naye alifundishwa mwongozo huo na kuufanyia mtihani. Na karibu kila daktari aliyekushika mkono aliandika kinyume chake.

Unakumbuka tanuru lako la nyuma ya nyumba, pale mtaani kwetu Bulengera? Matofali ya udongo, bati lililoinamia chini mno, na kuni za mkaratusi ambazo msimu wa mvua hazikukubali kukauka. Ulikuwa unaingiza kichwa karibu chote kwenye mdomo wa tanuru ili ufagie makaa kwa gunia lililoloweshwa, kisha unatoka na macho mekundu, unga kwenye nyusi, unacheka. Watu wa mtaa walijua mkate umeiva kwa kukusikia ukikohoa. Nilipokuwa msichana nilikuomba upumzike, uache moshi hata kwa wiki moja. Ulinijibu, "Baba yako alikufa, moshi ikanioa. Unataka nikuwe mujane mara ya pili?" Ukacheka mpaka kikohozi kikakukatiza.

Kwa mkate huo nilisoma. Kila mtu wa kwetu anajua, sihitaji kusema zaidi.

Kisha pumzi ikaanza kupungua. Mwanzoni ulisimama mara moja tu kwenye mlima wa kutoka sokoni, ukijifanya unamsalimia mtu. Baadaye ulisimama hata pasipo mtu wa kusalimia. Uliacha kuimba kwaya, ukasema sauti imezeeka. Ulipokwenda kituo cha afya, daktari wa kwanza alikuuliza, "Unavutaka tumbaku?" Ukamjibu kwa kuudhika kidogo, "Hapana, Docteur, mimi muntu wa kanisa." Akaandika kwamba huvuti, akapita. Hakuna aliyekuuliza unafanya kazi gani. Hakuna aliyeuliza kuhusu tanuru. Wakapima makohozi kutafuta kifua kikuu, wasikipate, wakakupa dawa za kifua kikuu hata hivyo. Ulizimeza zote, kwa nidhamu yako ileile ya kupima unga, na pumzi haikurudi. Mtaani wakasema ni asima.

Hapo ndipo ulipofika kwa Docteur Kasereka. Naandika habari zake kwa heshima, kwa sababu ndiye aliyenitibu malaria nikiwa mtoto, na ndiye aliyekuja nyumbani kwa miguu siku Baba alipofariki. Ni mtu mwema. Alikuandikia vidonge vidogo vyeupe vya predni, dawa ya steroidi, akaongeza aminofilini ya kufungua kifua, akaongeza amoxi ya kuua vijidudu, na vitamini chini kabisa. Wiki ile ulinipigia simu huku Beni, nilikokuwa nimeanza kazi hospitalini, ukasema, "Kavira, nimelala kama mutoto muchanga! Yule docteur iko na mukono." Nilifurahi nawe. Predni inafanya hivyo, Mama. Mwanzoni inakupa kila kitu. Ulirudi mwezi uliofuata akakuandikia zilezile, na mwezi uliofuata zilezile, na baadaye hukuhitaji hata kumwona, kwani mwuza dawa wa njiani alikuwa ameshajua unachomeza.

Nilipokuja Butembo kwa sikukuu, wamama wa kwaya walikuwa wamejaa sebuleni. Walikushika mashavu. "Mama Kavira, umependeza! Umenona! Kuwa na mutoto docteur iko baraka." Uso wako ulikuwa wa mviringo, unang'aa. Wewe ulitabasamu kwa haya. Mimi niliiona shingo iliyojaa mafuta kwa nyuma, mikono iliyokonda, na alama za damu chini ya ngozi kila mahali ulipogusa mlango au sufuria. Ile haikuwa afya. Ilikuwa predni. Niliwakaribisha wamama wale chai nikitabasamu, na ndani yangu nilitaka kuvunja kikombe.

Kesho yake nilimfuata Docteur Kasereka ofisini kwake. Hujawahi kunisikia nikikusimulia mazungumzo yale, kwa sababu ungenikataza kwenda.

"Papa Docteur," nilimwambia, "predni ya kila siku, mwongozo unaikataza. Ni ya muda mufupi tu, kama mugonjwa amezidiwa."

"Ninajua."

"Na amoxi? Makohozi yake hayakubadilika hata rangi."

"Ninajua, Kavira. Hata mimi nilisoma." Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Donc niandike nini? Pompe? Niliandikiaka mugonjwa mumoja wa Lubero ile pompe ya kuvuta kwa kinywa. Familia ikazunguka muji muzima na karatasi yangu. Bakakosa. Bakarudi kunitukana, ati nimebaandikia dawa ya Bazungu. Mais hii predni, hata ku kaduka ka njiani iko. Mama yako anapata, anameza, analala."

"Na mifupa yake?"

"Mifupa iko kesho," alisema. "Kupumua iko leo."

Nilitoka. Nikaenda moja kwa moja kwenye famasia kubwa ya karibu na soko nikaulizia pompe. Mwuzaji alipanda kwenye kiti, akasogeza maboksi ya sirapu, akaniteremshia moja. Ilikuwa na vumbi, na muda wake ulikuwa umepita. "Tuliletaka mara moja, Docteur," alisema. "Hakuna mutu anaiandikaka. Tulete ingine ju ya nani?"

Mama, nilisimama pale na lile boksi mkononi nikashindwa kujua nimlaumu nani. Daktari haandiki kwa kuwa famasia haina. Famasia haileti kwa kuwa daktari haandiki. Na katikati yao umesimama wewe, unavimba mashavu, na watu wanakupongeza.

Kisha ukainua beseni la unga uliokandwa, kama ulivyoinua maisha yako yote, na mgongo ukavunjika. Uliniambia ulisikia kitu kikilia kama kijiti kinachovunjika. Picha ilionyesha pingili mbili zimebonyea kama mkate uliokaliwa. Mifupa ilikuwa imeliwa na predni. Ile kesho ya Docteur Kasereka ilikuwa imefika, na hakuwepo.

Nilikuja kukuchukua, ukae kwangu Beni. Tanuru ulimwachia jirani, nami nikamsihi aweke bomba la kutolea moshi. Uligeuka mara nyingi ndani ya gari mpaka nyumba za Butembo zilipoisha.

Pale kwetu hospitalini kulikuwa na mashine ya kupuliza, ya kupima mapafu, imelala kabatini ndani ya nailoni yake. Wafadhili waliileta, watu wakapiga nayo picha, ikafungiwa. Mwongozo unasema bila kipimo kile huwezi kuuita ugonjwa huu kwa jina lake. Niliitoa, nikatafuta betri, nikakukalisha kwenye kiti.

"Nipulize nini?" uliuliza. "Hakuna moto hapa."

"Puliza tu, Mama! Puliza, puliza, usiache!"

Wauguzi wakaja mlangoni, nao wakaanza kukushangilia kama uwanjani, "Ongeza, Mama, ongeza!" na wewe ukapuliza huku machozi ya kicheko yakikutoka, na kwenye kioo mstari ukapanda kidogo, ukainama, ukakokota kama mtu aliyechoka anavyopanda mlima. Nilikuwa nimesoma habari za mstari ule kwenye vitabu. Sasa ulikuwa wako.

Nilikueleza. Ulinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa kwenye kikwembe, kitenge chako.

"Donc haiko asima."

"Haiko asima, Mama."

"Na bile vidonge byote?"

Nilianza kuirudisha mashine kwenye nailoni yake.

"Kasereka iko mutu muzuri," ulisema.

"Iko mutu muzuri, Mama."

"Basi ilikuwa nini?"

Swali hilo uliliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kwa nini chapati imeungua. Nilikuambia tutazungumza jioni, na jioni tulizungumza mengine.

Pompe zilikuja kwa njia ya Kasindi, mpakani, kutoka Uganda, kwa mkono wa dereva mmoja mwaminifu. Nilitoboa chupa ya maji kwenye kitako, nikachomeka pompe, nikakufundisha kuvuta dawa polepole kupitia mdomo wa chupa, ukae nayo ndani, kisha uiachie. Predni nikaipunguza kidogo kidogo, maana mwili uliozoeshwa hivyo hauachishwi kwa siku moja. Ulilalamika kila asubuhi. "Hii iko hewa tu, Kavira. Mutu anasoma myaka yote ile kusudi apatie mama yake hewa?" Ulitaka sindano. Ulisema daktari asiyechoma sindano anakuwa kama padri asiyebariki. Nilicheka, nawe ulikuwa husemi mzaha.

Lakini iliingia, ile hewa. Mashavu yakashuka, sura yako ikarudi, ile ya zamani yenye mfupa. Ukaanza kutembea mpaka sokoni, halafu unarudi na malalamiko kwamba mkate wa Beni hauna chumvi na umekandwa na watu wavivu. Jumapili moja nilisimama nyuma kanisani, nimechelewa kutoka kazini, nikasikia sauti ya pili ikipanda kutoka upande wa wamama, nikaijua kabla sijakuona. Ulikuwa unaimba. Hukushika benchi. Ulipofika mwisho wa mstari ulivuta pumzi kama watu wengine wote wanavyovuta.

Nilitoka kule kanisani nikiwa na kiburi. Nikasema, kumbe inawezekana! Kumbe mwongozo unafanya kazi hata hapa, kwa chupa ya maji iliyotobolewa! Wiki ileile niliandika ukurasa mmoja, Kifaransa na Kiswahili, nikaueleza mbele ya madaktari wenzangu kwenye mkutano wetu. Usitoe predni ya kudumu. Usitoe amoxi kama makohozi hayajabadilika. Usifungue oksijeni mpaka mwisho, maana mapafu ya wagonjwa hawa yakipewa nyingi mno huzubaa. Aminofilini ya mishipani iache. Anza na pompe. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Docteur Mumbere, tuliyesoma naye darasa moja. Yeye mwenyewe aliubandika ukurasa ule kwenye ukuta wa chumba cha dharura, akapiga hatua nyuma kuona kama umenyooka.

Halafu nikatumwa Oicha, kaskazini mwa Beni. Watu walikuwa wamekimbia mashambulizi ya upande wa Eringeti, wamejaa mashuleni na makanisani, na madaktari hawakutosha. Uliniaga mlangoni, ukanipa mkate uliooka wewe mwenyewe kwa jiko la mkaa, nikakugombeza kwa ajili ya moshi, ukasema, "Moshi kidogo ya kumusalimia tu."

Ulishikwa na mafua. Kifua kikabana. Mchana, jirani akakupakia kwenye pikipiki, akakufikisha kwenye dharura. Daktari wa zamu alikuwa Mumbere.

Yaliyofuata aliniambia yeye mwenyewe, hakunificha hata moja. Alikuona midomo imebadilika rangi, hutoi neno, macho yamekutoka. Akafungua oksijeni mpaka mwisho. Akaagiza aminofilini, ikapigwa kwenye mshipa. Akaongeza dawa ya kuua vijidudu. Akaandika: asima imezidi. Ulikuwa unamwonyesha mfuko wako kwa kidole. Akadhani unataka kikwembe cha kujifunika. Pompe yako na chupa yako vilikuwa ndani ya mfuko ule, na ukurasa wangu ulikuwa ukutani, juu ya kichwa chake.

Simu ilinifikia Oicha wakati barabara imefungwa kwa ajili ya usalama. Ilipofunguliwa kesho yake niliondoka na gari la kwanza. Nilikukuta umelala usingizi usio wako, moyo unakimbia. Nilishusha oksijeni. Nikafanya yote yaliyopaswa kufanywa tangu mwanzo, na wauguzi wakanisaidia bila kuniangalia usoni. Alasiri uliamka kidogo.

"Mbona unakasirika?" uliniuliza.

"Sikasirike, Mama."

"Unakasirika. Tangu utoto unakasirikaka kwa pua." Ukapumzika kutafuta hewa. "Usimugombeze Mumbere. Alinishika mukono."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho yenye maana. Mengine yalikuwa ya usingizini, ulikuwa unaita watu waje wachukue mkate. Asubuhi ulikuwa umekwenda.

Sisemi Mumbere alikuua. Nataka hili lisomeke vizuri. Mapafu yako yalikuwa yamechoka, mafua yale yalikuwa makali, na huenda hata kama ningekuwa nimesimama pale mimi mwenyewe, na pompe mkononi, ungekwenda vilevile. Sijui. Na kutojua ndiko kunakonila. Kama ungetibiwa inavyopasa ukafa, ningelia tu. Sasa nalia na kuuliza, kulia na kuuliza.

Baada ya matanga ya Butembo Mumbere alinifuata nyuma ya maabara. Alikuwa amekonda.

"Nilifanya bile tunafanyaka," alisema.

"Karatasi ilikuwa mbele yako, Mumbere. Uliibandika weye mwenyewe."

"Ninajua. Mais nikaona mama anakufa, Kavira. Mukono ikaenda yenyewe."

Nilitaka kumpiga. Badala yake nilisikia swali lako, ilikuwa nini, na nikajua kwamba alichosema ndicho jibu nililokosa kukupa. Mkono, Mama. Mkono ulioandika predni, aminofilini, amoxi, tangu siku ya kwanza ya kazi, kwa kuiga mkono wa daktari mkubwa, aliyeiga wa mkubwa wake. Kichwa kimesoma mwongozo na kimeukubali. Mkono haukuwahi kuambiwa.

Nikaomba kuueleza ugonjwa wako mbele ya madaktari wote. Mkurugenzi wetu alinikalisha kwa upole. "Docteur, uko na huzuni. Pumzika kwanza, tutaongea nyuma."

"Nikimaliza huzuni, mutasema habari imepita," nilimjibu.

Akaniruhusu. Nilieleza yote kuanzia tanuru. Sikutaja majina. Nilipofika kwenye dharura, Mumbere alisimama, hakuna aliyemwomba, akasema, "Ule mugonjwa nilimupokea mimi." Akakaa. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile, na bado nilikuwa na hasira naye. Yote mawili yalikaa pamoja.

Tukakubaliana. Aminofilini ya sindano ikatolewa kwenye kabati la dharura, pompe ikawekwa mahali pake. Nilidhani tumeshinda. Haukupita muda mrefu, nikafungua kabati nikaikuta imerudi, imepangwa vizuri kwenye sinia lake. Nikauliza nani ameirudisha. Hakuna aliyejua. Muuguzi mmoja akasema tu, "Bagonjwa banaiulizaka, Docteur." Pompe ilikuwa imesukumwa nyuma.

Ndivyo tulivyo, Mama. Hakuna adui. Ningekuwa na adui ningelala vizuri zaidi.

Wiki hii alikuja mama mmoja aliyekimbia kutoka Eringeti, Mama Kanyere, anakaa kwa mkwe wake pembeni mwa mji. Alikuwa na uso wa mviringo na mikono myembamba, nami nikajua kabla hajafungua kinywa. Akamwaga predni mezani kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Amepika kwa kuni maisha yake yote, ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Alipopuliza mashine, mstari uliinama. Nikamweleza taratibu, nikamwonyesha pompe na chupa, nikamwambia vidonge tutavipunguza polepole, pamoja.

"Docteur, unaninyanganya dawa?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Ninakupatia dawa."

"Hii iko chupa ya maji." Akasimama, akakusanya vidonge vyake kimoja kimoja, akatoka. Pompe aliiacha mezani.

Mumbere alikuwa mlangoni, ameona. "Muache, Kavira. Utafuata bangapi?"

Kisha nikavua koti, nikaita pikipiki. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mkwe wake anamenya maharage, na alipoona pompe mkononi mwangu alishangaa hasa.

"Umenifuata mpaka huku ju ya kale kachupa?"

"Ndiyo, Mama."

Aliweka maharage chini. "Hata batoto bangu habanifuatake," alisema. Akafuta mikono kwenye kikwembe. "Donc iko dawa ya kweli. Leta."

Akavuta, akakohoa, akanitukana kidogo kwa Kinande, akavuta tena. Mara ya tatu alivuta vizuri. Akaisikiliza inavyoshuka.

Nilirudi kazini nikitaka kufurahi. Kwenye foleni, mgonjwa aliyefuata alikuwa baba mmoja anayehema, na mkononi alikuwa na karatasi ya kituo kingine, ya juzi tu: predni, aminofilini, amoxi, vitamini chini kabisa. Mwandiko wa kijana.

Siwezi kumfuata kila mmoja kwa pikipiki, Mama. Wala sipaswi. Mama Kanyere alipona hasira yake kwa sababu nilimfuata, na nilimfuata kwa sababu nilikuzika wewe. Mwongozo uliandikwa ili daktari asilazimike kumzika mama yake kwanza ndipo ajue kuandika dawa. Uliandikwa kwa ajili ya siku ambayo daktari amechoka, ana njaa, hamjui mgonjwa na hampendi. Ndivyo nitakavyowaambia wenzangu kwenye mkutano ujao, na ujao baada yake, mpaka wachoke na sauti yangu. Nao watachoka. Tayari wakiniona nafungua kabati la dharura wanaangaliana.

Lala, Mama. Huko hakuna mlima. Sikuombi uniombee subira, kwa sababu subira tunayo wote hapa, nyingi kupita kiasi, nayo ndiyo inayotuua. Niombee nisizoee.

Ni mimi, binti yako,
Kavira